Walisema Nimelewa

Juzi binti wa mdogo wangu, anayetibiwa kansa ng'ambo, alinipigia simu akilia. Dawa zinaua uvimbe, sawa, lakini vidole vimekufa ganzi, kikombe kinamponyoka, na ukweni wanasema anajidekeza. Nikamwambia, lia tu mwanangu, mimi najua dawa inavyoweza kukuponya huku na kukuvunja kule, na watu wakaamini wanachokiona. Tangu hapo situlii. Nainuka, naketi, nainuka tena, na miaka ile ya hamsini ya Baraka, mji wetu kando ya ziwa, imenirudia yote.

Nilikuwa mke kijana, mama wa watoto wawili, nikaanza kukohoa damu. Kifua kikuu. Wakati ule ugonjwa huo ulikuwa na njia moja tu, ya makaburini. Lakini kwenye zahanati ya misheni palikuwa pamefika dawa mpya ya shindano, ndivyo tunavyoita sindano kwetu, na munganga, yaani muuguzi aliyekuwa akizipiga, aliniambia nisikose hata moja kwa miezi mingi. Nikamjibu, hata mwaka mzima, wewe piga tu.

Damu ilikoma. Nikaanza kula bugali kama watu, mashavu yakarudi. Lakini kichwa, loo! Kwanza midomo ikawa inanyonyota kila nikitoka kuchomwa, kama nimeipaka pilipili. Kisha masikio yakaanza kulia mlio usiokoma. Kisha ardhi ikaanza kucheza. Nikitembea, nyuso za watu zinarukaruka, nikisimama, zinatulia. Nikigeuka haraka, mwili unageuka, kichwa kinabaki nyuma. Siku moja niliinama ziwani kuteka maji nikajikuta nimo ndani pamoja na ndoo. Wanawake wakacheka, nami nikacheka, maana ningefanya nini?

Nilipomuuliza munganga, aliifunga kwanza chupa ya dawa.

"Mama, hii dawa iko kali," akasema. "Inaua kikohozi, lakini inagusa mishipa ya kichwa, ile inakusimamisha. Ukiacha, kifua itarudia. Ukiendelea, sijui kama kichwa itakuwa tena sawa zamani."

"Sasa miye nifanye nini?"

"Utachagua mwenyewe, mama."

Nikachagua kuishi. Nilidhani mambo yamekwisha hapo. Kumbe!

Kanisa letu lilikuwa kali sana kwa pombe. Ukionja hata kasiksi, ile ya ndizi, unatengwa: hukaribii Meza ya Bwana, huimbi, unakaa benchi la nyuma na wasiobatizwa. Na mimi nilikuwa kiongozi wa kwaya ya bamama, mume wangu shemasi. Jumapili moja tukasimama kuomba, macho tumefumba kama inavyotakiwa. Jamani, macho ndiyo peke yake yaliyokuwa yakinishikilia. Nilipoyafumba nilienda mzimamzima, nikawaangukia wanawake wa mbele, benchi likapinduka, na pasta akasema Amina kabla maombi hayajafika katikati.

Kesho yake Baraka nzima ilijua: mke wa shemasi analewa. Wengine walinihurumia kwa sauti ya juu ili nisikie. Muuza ndagala mmoja sokoni akaniuliza mbele za watu, "Mama, leo ulikunywa ya ndizi ao ya mihogo?" Nilipiga teke kapu lake. Dagaa wakamwagika, mimi nikayumba nikaketi juu yao, na watu wakapata ushahidi waliokuwa wakiutafuta. Hasira yangu siku ile, acha tu.

Lakini aliyeniuma ni mume wangu. Alikuwa fundi wa mbao, mtu wa maneno machache. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alikuwa akiranda ubao ule ule mpaka ukawa mwembamba.

"Mama batoto," akasema bila kuniangalia, "acha kwanza hizi shindano. Damu ilishaisha. Batu banasema."

"Batu ndio batanilelea batoto nikikufa?"

"Ni jina yetu, mama."

Nikatoka. Nikaenda mpaka ziwani, nikarudi, nikaenda tena. Siku zile sikuweza kukaa mahali. Nikikaa, nasikia masikio yakilia. Nikitembea, dunia inaruka. Nilikuwa nafua nguo zilizo safi, nafagia ua uliofagiwa. Na nilikuwa nimechoka, nasema kweli. Nilianza kuona kwamba kukohoa kwa heshima ni bora kuliko kupona kwa aibu. Wazee wa kanisa waliponiita kwenye baraza, asubuhi ya siku hiyo nilipita mbele ya zahanati bila kuingia.

Walikuwa wameketi mbele, nyuma ya meza, mume wangu kati yao kwa kuwa ni shemasi. Nikaambiwa nisogee. Kutoka mlangoni mpaka mezani si mbali, lakini katikati hapakuwa na kitu cha kushika. Nikapanua miguu kama bata, nikaenda. Nikapepesuka, nikashika hewa, nikafika.

"Ulikunywa nini, mama?" akauliza mzee mkubwa.

"Shindano."

"Usituchezee."

"Basi kuya, baba. Kuya unuse kinywa yangu." Nikaachama.

Mzee akarudi nyuma na kiti chake. Anuse kinywa cha mke wa mtu? Wa pili akatazama paa. Hakuna aliyekuja. Wakanong'onezana, halafu wakakata shauri: ama niache shindano mpaka waone kama nitatembea sawa, ama nitengwe. Kwao ilikuwa hukumu ya huruma, na labda ilikuwa hivyo.

Neno lilikuwa tayari ulimini. Nilikuwa nataka kusema, basi, naacha.

Lakini mume wangu alikuwa amesimama. Hakuwaangalia wazee, aliangalia miguu yangu. Ndipo nikaelewa. Kwetu mwanamume hutangulia njiani, mke anafuata na mzigo. Nyumbani nilishika kuta. Miezi yote ile huyu mtu alikuwa mbele yangu, akisikia tu yanayosemwa. Hakuwa ameniona nikitembea mahali pasipo ukuta mpaka nilipotoka mlangoni kwenda mezani kwake.

"Huyu hakulewa," akasema. "Mulevi haogopake kuanguka. Huyu anaogopa kila hatua. Muliona uso yake? Shindano atapigwa, mpaka ya mwisho. Kama ni kutenga, mututenge sisi wawili."

"We uko shemasi!" mzee mkubwa akamaka.

"Nilikuwa."

Wakatutenga. Nilikuwa nikitaka kulia, nikitaka kumpigia mtu kelele, na nikimpenda mume wangu kuliko siku aliyonioa. Alichukua kofia yake akaja upande wangu. Mlangoni nikasimama kando ili atangulie. Hakutoka.

"Tunaenda kwa munganga," akasema. "Pita mbele, mama batoto. Pita mbele, nikuone."