Sikio Zima

Wateja wa duka langu hapa Lagangabilili wananiita daktari. Zamani nilikuwa nawasahihisha. Siku hizi nimechoka. Mtu ametembea tangu alfajiri, ng'ombe wake amelala chini hawezi kuinuka, halafu mimi nianze kumfundisha tofauti ya daktari na muuza dawa? Namuuliza mnyama ana nini, nampa dawa, namwambia asizidishe, anaondoka. Lakini hapa nitasema kweli: mimi si daktari. Chuo cha udaktari wa mifugo kule Morogoro niliomba mara mbili. Mara ya kwanza haina hadithi. Niliangushwa na Kemia, basi. Hadithi ni mara ya pili.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Pamba walishaanza kuinunua watu binafsi, mitumba imejaa mnadani, na kila kilichokuwa cha bure kikapewa jina jipya: kuchangia. Josho la kijiji chetu, nje kidogo ya Bariadi, lilikuwa limekauka mpaka mbuzi wakawa wanalala ndani. Dawa ya kuogesha ng'ombe tuliifuata dukani mjini, imepangwa kati ya misumari na sabuni, na aliyeiuza hakujua kama ni ya kuogesha au ya kunywesha. Ng'ombe walikuwa wanakufa hovyo. Nilitaka kuwa daktari kwa sababu hiyo tu. Nilikuwa nimechoka kumwona mama akilia juu ya ndama.

Niliporudi nyumbani na habari kwamba sikuchaguliwa, baba hakufoka. Heri angefoka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na lango la zizi.

"Haya, mayu," alisema. Mayu kwetu ni mama. Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mtoto. "Nakupa mwaka mmoja. Rudia hilo somo lako. Ukipata, nauza madume unakwenda. Ukikosa, wale watu nawaambia waje."

Wale watu ni ukoo mmoja wa huku Lagangabilili ambao walikuwa wameshaulizia habari zangu. Niliwajua kwa kusikia tu. Walikuwa na ng'ombe wengi na kijana mmoja mpole, na mimi sikutaka hata kusikia kikohozi chao uani kwetu.

Nikaenda kwa mwalimu aliyenifundisha Biolojia pale mjini. Huyo alikuwa hajui kubembeleza mtu. Akaniambia Kemia nitaifanya tena kama mtahiniwa wa kujitegemea, na Jumamosi nije maabara ya shule nifanye vitendo na wanafunzi wake, mradi nioshe vyombo. "Lakini usikae mwaka mzima unakremu," akasema. "Wakikuita, watakuuliza, mtoto wa wafugaji, mwaka wote ulikuwa unafanya nini? Utawajibu ulikuwa unasonga ugali? Nenda kwa bwana mifugo. Uwe na la kusema."

Bwana mifugo wa kata yetu alikuwa mtu mwembamba mwenye baiskeli isiyo na breki. Mshahara wake ulikuwa unachelewa mpaka akawa analima dengu kama sisi. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Unaogopa pembe?"

"Nimekulia zizini."

"Mwandiko wako je?"

Nikamwonyesha. Kwisha. Nikawa msaidizi wake bila malipo, na kijiji kizima kikanipa cheo: bibi mifugo. Watoto waliniita hivyo, wamama kisimani waliniita hivyo, hata baba. Nikiingia uani jioni alikuwa anasema, "Jamani, serikali imerudi. Ipeni maji ya kunawa." Tulicheka wote. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, maana nilikuwa na furaha. Mchana niko na ng'ombe, jioni niko na Kemia, na kwa mara ya kwanza vitu hivyo viwili vilikuwa vinaongea. Nilijifunza kupima joto la ng'ombe, kusikiliza pumzi zake, kudunga sindano bila kumtia kiwewe. Niliona kabisa nafasi yangu Morogoro imekaa inanisubiri.

Kiangazi hicho ikaja habari ya homa ya mapafu. Ni ugonjwa wa ng'ombe kwa ng'ombe: mmoja anakohoa, mwenzake anavuta hewa ile ile, na unaweza kukaa kimya muda mrefu kabla ya kuonekana. Dawa ya kuaminika hakuna. Kuna chanjo. Ikaletwa kutoka mkoani kwenye kikasha chenye barafu, na ikishachanganywa haingoji mtu. Kila ng'ombe anayechanjwa anatobolewa tundu sikioni, kwa kifaa kama kile cha ofisini cha kutobolea karatasi, ili ajulikane. Bwana mifugo alidunga, kijana wa kijiji alitoboa, mimi niliandika: jina la mwenye ng'ombe, idadi yake.

Hapo kwenye idadi ndipo penye kazi. Kumuuliza Msukuma ana ng'ombe wangapi ni utovu wa adabu, kama kumuuliza mtu amevaa nini ndani ya nguo. Ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti. Wakihesabiwa wanapungua, ndivyo wazee walivyoamini, na wasioamini hayo waliamini mtoza ushuru, ambaye kweli huwa anawapunguza. Kwa hiyo hakuna mtu wa kwetu anayeweka ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine wako kwa rafiki, wengine kwa shemeji, wengine mbugani na vijana. Baba alikuwa na rafiki yake Ipililo, upande wa Maswa, ambaye alimshikia sehemu kubwa ya kundi, na mimi mwenyewe niliyezaliwa nyumbani mwake sikuwahi kuwaona ng'ombe wetu wote mahali pamoja.

Siku ya zamu ya kijiji chetu, baba alileta wachache: majike ya maziwa ya mama, ndama zao, na maksai wa kulimia. Nikaandika jina lake kwa mkono wangu. Akanikazia macho nilipokuwa naandika.

Jioni nikamwuliza. "Baba, na wa Ipililo?"

"Wameshachanjwa. Wenzenu wa Maswa wamepita kule."

"Wote?"

"Mayu, nimesema wamechanjwa."

Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini? Alikuwa baba yangu, na wa Maswa kweli walikuwa wanachanja. Nikafungua kitabu changu cha Kemia nikaendelea.

Hazikupita siku nyingi, mtendaji akapita na mgambo wake kukusanya ushuru wa mifugo. Nani alimpa hesabu, sijui mpaka leo. Bwana mifugo aliapa si yeye. Jirani yetu, aliyekuwa ameleta ng'ombe wake wote kwenye chanjo kama mtu mwaminifu, alishindwa kulipa, wakamswagia mtamba wake mbele ya watoto. Mke wake alilia mpaka sauti ikakauka. Kwetu mtendaji alitazama zizi, akaona wachache, akachukua kidogo akaondoka. Baba usiku ule alikula ugali kwa raha ambayo sikuipenda. "Unaona watu waaminifu wanavyofanywa?" alisema, akiramba vidole. Nilikasirika, lakini kwa siku ile alikuwa na haki.

Masika yakaja, yakapita. Nikafanya mtihani wangu wa Kemia. Nilipotoka kwenye chumba cha mtihani nilijua nimefaulu, mtu anajua. Nilitembea mpaka nyumbani nikiimba kimoyomoyo. Nilipokaribia uani nikasikia kikohozi.

Si kikohozi cha mtu. Ni kile kikohozi kifupi, kikavu, cha ng'ombe anayejizuia kukohoa kwa sababu kifua kinamuuma. Zizi lilikuwa limejaa. Ushuru ulishapita, na baba alikuwa amewaleta nyumbani wale wa Ipililo, na fahali wetu mwekundu alikuwa amesimama ametanua viwiko vya miguu ya mbele, shingo imenyooka mbele, ulimi unaning'inia. Niliingia nikamshika kichwa. Kabla ya kusikiliza kifua, kabla ya kitu chochote, nikashika sikio.

Zima.

Nikashika sikio la jike lililokuwa pembeni yake. Zima. Nikaenda kwa mwingine, na mwingine, nikipenya katikati ya mbavu zao kama kichaa. Masikio yote mazima, mazuri, laini, kama walivyozaliwa nayo.

"Baba," nilisema. "Baba, hawa hawakuchanjwa."

Alikuwa amesimama langoni na fimbo yake. Hakujitia hamnazo. Akanieleza yote, taratibu, kama mtu anayeeleza njia. Waliposikia wachanjaji wa Maswa wanakuja, yeye na rafiki yake na wenye ng'ombe wengine wa kule waliwaondoa, wakawapeleka mbugani, mahali ambapo gari halifiki. Kulikuwa na lambo lenye maji. Na wengine walishafika kabla yao, kutoka kila upande, na wao wamewaficha wa kwao. Kiangazi kizima ng'ombe wote wasiochanjwa wa nchi ile walikunywa lambo moja na kulala uwanda mmoja. Mungu wangu! Ungetaka kuutafutia ugonjwa ule makazi, usingepata bora kuliko hayo.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilikuwa napiga kelele. Sijawahi kumpigia baba kelele kabla ya siku ile. "Mimi nisingekuandika! Ningekuja na sindano mwenyewe!"

"Wewe ulikuwa mtu wa serikali."

"Mimi ni mwanao!"

"Mwanangu, ndiyo," alisema. "Lakini kalamu ilikuwa ya nani?"

Mama alitoka jikoni akasimama katikati yetu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira mpaka nikatapika. Niliomba kazi ile ili nipate chuo, na kazi ile ndiyo iliyomfanya baba anifiche ng'ombe. Angekuwa na binti asiyejua kitu, pengine angemwambia.

Baba hakukaa bure. Alikwenda mjini akarudi na chupa za dawa kutoka kwenye lile duka la misumari, akawadunga mwenyewe, mimi nikimwambia haitasaidia, kisha nikichukua sindano mikononi mwake nikidunga mimi, maana kama ni kudungwa basi wadungwe vizuri. Walikufa. Walikufa mmoja mmoja, wakipiga magoti kwanza, kisha wakilaza shingo. Bwana mifugo alimpasua yule fahali tukaangalia. Pafu lilikuwa limegandamana na mbavu, limejaa maji ya njano na utando kama mayai ya kukaanga. Akaniuliza, kwa mazoea ya kunifundisha, "Unaona nini hapo?" Nikamweleza vizuri, kitu kwa kitu, kama ninavyotakiwa kueleza. Baba alikuwa amesimama anasikiliza binti yake anavyojua.

Karantini ikatangazwa. Mnada ukafungwa. Hata wale wachache wenye tundu sikioni, waliokuwa wazima, hakuna aliyeruhusiwa kuwanunua. Na jirani yetu yule aliyeswagiwa mtamba? Wake walikuwa wanacheua tu. Alikuja kutupa pole, akakaa kidogo, akaondoka bila kutaja chanjo. Namshukuru mpaka leo kwa kunyamaza kule.

Majina ya waliochaguliwa yalitoka gazetini. Bwana mifugo alikuja nalo kwa baiskeli, akipiga kengele tangu mbali, mtu mzima yule. "Bibi mifugo! Umepata! Umepata, bwana!" Mama alipiga vigelegele. Nilisoma jina langu. Niliguswa na furaha halisi, sitasema uongo. Kisha nikamtazama baba, na baba alikuwa anatazama zizi.

Hakunikataza. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wakisikia habari hizi wanamfanya baba yangu jitu la kutisha. Alikaa kwenye kigoda chake siku mbili tatu, hagusi chakula. Kisha akaniita.

"Mayu. Nilikwambia ukipata nauza madume."

"Ndiyo, baba."

"Umepata." Akaweka mkono usoni. "Sasa niuze nini?"

Wadogo zangu walikuwa nyuma yangu mlangoni. Maksai walikuwa wawili tu, na bila maksai hakuna pamba, hakuna mahindi. Kwenda Morogoro kulihitaji nauli na yale ya kuchangia, na nyumba nzima ilihitaji kula. Kitu kimoja tu pale nyumbani kilikuwa kinaweza kuleta ng'ombe, nacho kilikuwa kimesimama mbele yake na gazeti mkononi. Hakusema yeye. Nilisema mimi.

"Waambie wale watu waje."

Alilia. Sikuwahi kumwona analia kwa ng'ombe hata mmoja kati ya wote waliokufa.

Mume wangu ni mtu mwema na hayumo katika hasira zangu. Duka hili ni yeye aliyelijenga. Lakini ninapofikiria harusi yangu siioni nguo, siioni ngoma. Naiona ile asubuhi karantini ilipokwisha, mahari yangu ilipokuja ikiswagwa kutoka huku, vumbi limetanda, na mimi nimesimama kwenye lango la zizi la baba na bomba la sindano. Bwana mifugo alikuwa ameleta chanjo. Nilisema hakuna atakayeingia bila kupita mkononi mwangu, na wazee wa pande zote mbili waliguna, bibi harusi gani huyu, lakini hakuna aliyethubutu kunisogeza. Baba ndiye aliyeshika kile kifaa cha kutobolea. Nilidunga, naye akatoboa sikio, nikadunga, naye akatoboa, na kila alipomaliza mmoja aliita idadi, kwa sauti, watu wote wasikie. Alihesabu mpaka wa mwisho.