Matone Kwenye Mchungwa wa Mama

Jumamosi ile nilifika nyumbani kwa mama, Mungaa, na hasira za wiki nzima ya ofisini, nikatua mkoba kwenye kiti kilichokuwa chini ya mchungwa. Nilipouinua ulikuwa umenata. Kiti nacho kilinata, na majani makavu yaling'ang'ania soli za viatu vyangu. Nikatazama juu. Majani machanga, yale yanayochipua kipupwe kikiisha, yalikuwa yamejaa matone madogo yanayong'aa, na kwenye shina sisimizi walikuwa wakipishana kama watu wa mnadani.

"Shikamoo mama. Huu mti umefanyaje?"

"Marahaba. Nami nauona hivyo hivyo tangu juzi," alisema mama, akaendelea kuchambua mlenda wake.

Mchungwa ule haukuwa mti wa mchezo. Kwetu kuna upepo mkavu na maji ni ya kufuata kwa ndoo, kwa hiyo mchungwa unaozaa uani ni jambo la kutajwa. Baba aliupanda kabla hajafariki. Kila mwaka, Jumapili ya shukrani ya mavuno, wenzake mama hupeleka kanisani mtama, alizeti na kuku. Mama hupeleka kikapu cha machungwa, na hukibeba polepole hadi mbele ili kila mtu aone. Ni mnyenyekevu siku zote za mwaka isipokuwa hiyo. Sasa maua yalikuwa yameanza kutoka na yote yalikuwa yananata. Maua yakianguka, hakuna kikapu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mwaka ule nilikuwa nimeushughulikia mti kuliko wakati wowote. Miezi kadhaa nyuma nilisoma kwenye simu kwamba sabuni huunguza mizizi, nikamkataza mama kuumwagia maji ya kufulia kama alivyozoea. Nikaagiza maji safi, ndoo moja asubuhi na moja jioni. Maji hayo aliyafuata yeye kisimani. Mimi nilikuwa mjini, Utemini, nafungua bomba. Hakubisha, alisema tu, "Sawa, mwanangu," nami nikaridhika kwamba nimemwelimisha mzazi.

Nilichukua kitambaa na maji, nikapanda juu ya stuli, nikaanza kufuta jani moja baada ya jingine. Chini ya majani niliwaona wenyewe: vidukari, wadogo, wa kijani, wamejipanga kwenye kila chipukizi wakinyonya. Kumbe yale matone yalikuwa uchafu wao. Nilikuwa nimeshaonja tone moja kwa udadisi, na lilikuwa tamu kweli, jambo lililozidi kunikera. Nilifuta hadi shingo ikakakamaa. Jumamosi iliyofuata matone yalikuwa palepale, na sasa majani ya chini yalikuwa yameota ukungu mweusi kama sufuria ya kuni. Nikamwaga majivu kuzunguka shina ili sisimizi wasipande, upepo ukayapeperusha yote kwenye mlenda wa mama uliokuwa umeanikwa. Nilitukana sisimizi kwa Kinyaturu, kwa kuwa Kiswahili changu cha ofisini hakikutosha. Mama alicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jumamosi ya tatu nilikuja na dawa kutoka duka la pembejeo na bomba la kupulizia la kuazima. Nilikuwa juu ya stuli, najifunga kitambaa puani, jirani yetu alipoingia uani. Ni mzee anayefuga nyuki, na mizinga yake inaning'inia kwenye miti nyuma ya zizi letu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Binti, unapuliza nini hapo?"

"Dawa. Mti unakufa huu."

"Una maua. Nyuki wangu wapo humo. Ukipuliza leo, kesho mimi nazoa maiti."

Nilimjibu kwa adabu iliyokaribia kuisha kwamba na mimi nina mti wangu wa kuuokoa. Alikaribia, akapindua jani, akatazama chini yake, kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Mama yako siku hizi hafui?"

"Anafua. Kwa nini?"

"Zamani akimaliza kufua alikuwa anachota lile povu kwa kopo, anaurushia mti juu, mpaka majani yanadondosha. Kila wiki. Sijawahi kuona wadudu hawa hapa."

Niliteremka kwenye stuli. Nilikuwa nikidhani mama alikuwa akimwaga yale maji kwenye mizizi. Sikuwahi kukaa nyumbani siku ya kufua nikaona anafanyaje.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Nikamgeukia, na sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Mama, kumbe ulikuwa unajua? Mbona hukuniambia?"

"Ulinikataza," alisema. "Nikadhani unajua."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana sikuwa na pa kujifichia. Dawa niliirudisha kwenye mfuko. Jioni hiyo nilifua kila kilichofulika ndani ya nyumba, hata mapazia masafi, nikarusha povu juu ya mti hadi mikono ikafa ganzi, huku mama akinielekeza: chini ya jani, siyo juu, chini. Baada ya wiki kadhaa matone yaliisha. Lakini maua mengi yalikuwa yameshaanguka.

Jumapili ya mavuno ilipofika, mti ulikuwa na machungwa matatu. Nilikuwa nimejiandaa: nilitoka Singida mjini na mfuko mzima wa machungwa ya sokoni, makubwa, nikaanza kuyapanga kwenye kikapu chake kabla hajamaliza kuvaa. Mama alitoka chumbani akiwa na kilemba chake cha ibada, akanitazama, akayatoa moja moja na kuyarudisha kwenye mfuko wangu.

"Hayo siyo yangu," alisema.

Kanisani alibeba kikapu kilekile kikubwa, machungwa matatu yakibiringika ndani, na alitembea polepole kama kila mwaka. Niliyasikia yakigonga ukingo kila alipopiga hatua, hadi mbele.