Shamba Lenye Vitambaa Vyekundu

Tarehe 9 Mei 1953, baada ya mvua ya siku nyingi, mlima uliokuwa juu ya nyumba yetu ulitelemka. Nilipoteza mume wangu, na shamba letu la maharage likafunikwa na matope. Ng'ombe walikuwa ng'ambo ya bonde, walipona wote.

Mume wangu alikuwa mlinzi wa kibanda walimoweka baruti ya kupasulia mawe, kwenye barabara inayoshuka kutoka Masisi kwenda Kashebere. Udongo ulikibeba kibanda pamoja naye, ukamwaga kila kitu katika shamba letu. Baruti haikulipuka. Watu walikuja na majembe kumtafuta, lakini mkubwa wa kazi ya barabara akawarudisha. Alisema masanduku yamepasuka, baruti imetawanyika ndani ya matope, na jembe likigonga mahali pabaya tutakuwa na maiti wengine. Alisema kweli. Nilimchukia hata hivyo.

Kwetu sisi wafugaji, mtu akifa, kazi zote za nyumba yake zinasimama. Jembe halishikwi, mbegu haziingii ardhini, na dume anatengwa na majike, mpaka marehemu azikwe na siku za msiba zifungwe. Tulikuwa tumebatizwa, na katekista alikuja kutuambia kwamba Mungu hakatazi kulima.

Mama mkwe alimjibu, "Mungu hakatazi, Papa. Lakini mutoto wangu hajalala bado. Nilime juu yake?"

Katekista alikunywa maziwa yake, akaenda.

Basi tulikaa. Majirani walitulisha viazi na maharage. Majike walilia wakimtaka dume, dume akawajibu kutoka boma lake, na sisi katikati tukisikiliza. Kama mvua za Septemba zingetukuta hivyo, tusingepanda, na mwaka uliofuata tusingepata ndama wala maziwa. Nilikuwa na watoto wawili.

Kiangazi kilipokaza, askari watatu walifika kwa kamyo, lori la jeshi. Mkubwa wao alikuwa sajini mfupi, mtu wa mbali, upande wa mto mkubwa. Kazi ya kutegua mabomu alijifunza vitani, kule Abisinia. Siku ya kwanza hakugusa kitu. Alikaa ukingoni akitazama udongo, akatuuliza maji hupita wapi mvua ikinyesha. Kisha alituita sote.

"Wamama, wapapa, mukiona kitu, musiokote. Musiniletee. Musimame mbali, muniite."

Mama mkwe alipenda namna alivyosema. Akatoa kiko chake ili wavute pamoja, akaanza kushindilia tumbaku. Sajini akamkazia macho.

"Mama, iko nini kwa shingo yako?"

"Bikira Maria."

"Pembeni yake."

Kando ya medali, kwenye uzi uleule, kulikuwa na kijibomba chembamba cha shaba kama kidole. Alikiokota njiani.

"Hii? Mudomo wa kiko changu. Muhunzi ataufunga kwa kiko. Unaitamania nini? Wewe uko na shaba kwa koti lako lote."

"Mama, usiwashe."

"Muone huyu! Ametoka kwao kuja kunikataza tumbaku kwangu!"

Watu walicheka. Sajini naye alicheka, lakini jasho lilikuwa limemtoka. Alipiga magoti mbele yake, akakata uzi kwa kisu, akakishika kile kijibomba kwa vidole viwili na kukipeleka polepole nyuma ya mawe, ndani ya kisanduku chenye pamba. Akarudi, akaketi.

"Sasa washa. Na mimi unipe."

Akatueleza kwamba ile ni fataki, ndiyo inayoamsha baruti. Moto ungeigusa, ingekula vidole vya mama na mdomo wake, na labda macho. Nilikumbuka kwamba mama mkwe alikuwa ameshaipeleka kwa mhunzi. Mhunzi alimwambia asubiri, kwa sababu hachomi chuma cha nyumba yenye maiti asiyezikwa.

Mama mkwe alivuta moshi, akafikiri. "Mudomo wangu ungeisha? Wakwe zangu wangepumuzika." Halafu akauliza kwa sauti nyingine, "Utanipa mutoto wangu?"

"Sijui, Mama," sajini alisema. "Nitapita kila mahali. Kama iko, nitamufikia."

Walifunga kamba toka ukingo hadi ukingo, zikafanya vijia vyembamba shambani. Walilala kifudifudi, kila mmoja katika kijia chake, wakidunga udongo kwa chuma chembamba, kwa upande, si wima. Wakikuta kitu, walisimika kitambaa chekundu. Fataki waliziondoa kwa mkono. Baruti iliyotoa jasho, yaani matone ya mafuta yanayolipuka kwa kuguswa tu, hawakuisogeza. Walipiga filimbi, sisi tukapeleka ng'ombe nyuma ya kilima, wakailipua palepale. Nilizoea mlio. Sikuzoea ule ukimya, mkono wa sajini unaposimama.

Asubuhi moja mkono ulisimama, lakini hakusimika kitambaa. Aliinuka, akavua kofia, akatufuata.

"Mama, nimeona koti ya mutu."

Kaka wa mume wangu alishika jembe. Sajini alimzuia; kando ya koti kulikuwa na sanduku. Yeye na wenzake walifukua kwa mikono, wakitoa fataki mojamoja, na jua lilikuwa limeinama walipomleta kwenye machela, amefungwa katika turubai. Aliniomba nisifungue. Alinionyesha upande wa kichwa, nikaweka mkono pale. Sijui uso wake ulikuwaje, na sijawahi kutaka kujua.

Tulimzika juu ya nyumba, kwenye udongo usioteleza. Katekista alisali vizuri. Siku za msiba zilipokwisha, tulinyoa nywele, na mama mkwe akafungua boma mwenyewe. Dume alitoka mbio hata akamwangusha kaka wa marehemu kwenye samadi. Wanawake walicheka. Mimi pia nilicheka, nikashtuka kusikia sauti yangu.

Septemba ilipoanza, sajini aling'oa kamba ya mwisho. Alinialika tutembee shamba zima, yeye mbele, akikanyaga kwa nguvu kila mahali.

"Nimelidunga lote," alisema. "Unakuja kulima nini tena?"

"Ulidunga kwa chuma chembamba. Kazi ya kivivu."

Alicheka, akaingia kwenye kamyo. Walikuwa na kazi nyingine Walikale. Nilishika jembe. Pigo la kwanza nilifumba macho, la pili nikayafungua. Mama mkwe alifuata nyuma yangu akidondosha maharage, akinigombeza kwamba mistari yangu imepinda. Tulifika katikati ya shamba, mvua ikaanza, tukakimbilia nyumbani.