Kikomo cha Birmingham, Kodi ya Jordbro

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ndevu zangu zikiwa bado nyeusi, nilipopandisha sauti mbele ya vikombe vya kahawa ya baada ya ibada, kanisani kule Hagsätra, Stockholm. Sijaijutia sauti ile hadi leo.

Mama Fabrice, mjane Mrundi wa kitongoji cha Jordbro, alikuwa amenieleza mkasa wake, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa hesabu. Kwa miaka mingi alinunua vipande vya mfuko wa uwekezaji, ili Krismasi ile awapeleke wanawe watatu Bujumbura kuondoa matanga ya baba yao. Kwao, siku hiyo ndiyo ukoo humsimamisha mrithi mbele ya watu. Na mrithi alikuwa Fabrice, kifungua mimba.

Sasa, Desemba iliyotangulia, mwaka ambao Uswidi ilianzisha akaunti mpya ya akiba iitwayo ISK, muumini mwenzetu Deo alimwonya kwenye kahawa kama hiyo: akaunti haina kodi, lakini ina kikomo cha kila mwaka, na nafasi isiyotumiwa hufa mwaka ukiisha. Mama wa watu akakimbia benki, akauza vipande vyote, akahamisha. Akiamini kila krona ni yake, akatuma Bujumbura fedha ya karamu na kutenga nauli za watu wanne. Kumbe kule kuhamisha ni kuuza, na faida ya mauzo hukatwa kodi. Deni likaja wakati wa majani kupukutika, likameza nauli moja.

"Deo," nikamwita, "kikomo hicho ulikisoma wapi?"

"Mwalimu, aliniambia binamu yangu wa Birmingham, Uingereza. Yule ana duka, anajua mambo ya pesa."

"Duka lenyewe liko Jordbro?"

Watu wakaangua kicheko. Deo naye akacheka kidogo, akitafuta pa kuweka kikombe.

"Haliko, lakini Ulaya si ni ileile?"

"Hata mwaka wao wa kodi hauishi Desemba! Umembebea mjane sheria ya wenyewe, tena umeibeba miguu juu."

"Nia yangu ilikuwa njema."

"Nia njema haipandi ndege, kaka," akasema Mama Fabrice, na kicheko kikakatika.

Hapakuwa na kikomo chochote cha kuweka fedha katika akaunti ile. Angetulia akauza mwaka wa safari yenyewe, kodi ingemfikia mwaka uliofuata, akiwa amekwisha rudi kazini. Na angejua kwamba inakuja, angepunguza ng'ombe wa karamu, asingepunguza mwana. Lakini ng'ombe walikwisha lipiwa, na wadogo hawakuweza kuachwa peke yao, basi ikabidi mrithi mwenyewe abaki. Alipoambiwa, Fabrice akajibu kwa Kiswidi, kama wafanyavyo watoto wetu: "Det är lugnt, mamma," yaani hakuna neno.

Lilikuwapo neno. Siku ya matanga mimi na Deo tulikaa naye sebuleni Jordbro, simu iko mezani. Sauti ya baba yake mkubwa ikaita kutoka Bujumbura, "Fabrice, simama ukoo ukuone!" Kijana akasimama, akafunga kifungo cha koti, akanyoosha mabega. Tuliomwona ni sisi wawili tu, ambao si ukoo wake. Deo aliinamisha uso.

Mwanangu, kila mlango kwa ufunguo wake. Ndugu zetu wametawanyika nchi nyingi, na simu hutuunganisha. Upendo wao upokee, sheria zao waachie huko. Kabla ya kuhamisha akiba, uliza benki yako, kisha ofisi ya kodi, tena upewe jibu la maandishi: Je, kuna kikomo? Je, kuhamisha huku kunahesabiwa kuwa ni kuuza? Usidanganyike na neno "haina kodi"; ile ISK, akiba ikizidi kiwango kilichosamehewa, hutozwa kodi yake ndogo kila mwaka, upate faida au hasara. Na ukitaka kuitoa akiba katika ISK moja kwenda nyingine iliyo yako, waache benki waihamishe wenyewe. Ukiitoa mkononi na kuirudisha, itahesabiwa kama fedha mpya, na kodi ile itaongezeka. Akili ya kuambiwa changanya na ya kwako. Na kama ya kwako huna, nyamaza, usimgawie mjane.

Mungu akupe akiba yenye baraka na masikio yenye mlango. Na siku ukoo wako utakapokuita usimame, akujalie uwe umesimama mbele yao.