Jina Mgongoni

Gongo la kwanza lililokusudiwa mimi lilimpata mwenzangu kwenye kifundo cha mguu. Nilikuwa karibu, nikasikia mti ukigonga mfupa, mlio mkavu kuliko nilivyotarajia. Mwenzangu akaanguka kwa magoti juu ya saruji. Aliyempiga, jamaa mwenye ndevu na mapaja mazito, akainama kama anayemjulia hali.

"Pole, Kigali," alisema. "Mpira ulikuwa hapo."

Mpira haukuwa hapo. Ulikuwa upande wa pili wa uwanja, na refa alikuwa akiufuata. Refa mwenyewe alikuwa dereva wa lori aliyekuja kusubiri mzigo, akapewa filimbi kwa sababu ni yeye tu ambaye hakuwa na timu.

Mwenzangu hakutoka Kigali. Alizaliwa Uvira, Kongo, akaja Bujumbura na mama yake akiwa bado anabebwa mgongoni. Aliyekuwa akitafutwa ni mimi, na mimi pia Kigali sijawahi kufika. Tulikuwa tumebadilishana jezi.

Hapa kwetu wachache wanajua kwamba kuna watu wanaocheza mpira wa magongo. Tulicheza Jumamosi kwenye ua wa bohari moja Zone Industrielle, eneo la viwanda, pale malori yanapogeuzia, kwa sababu kwenye viwanja vya udongo mpira ulikuwa unarukaruka na kutupasua magoti. Nusu ya magongo yetu yalichongwa na seremala. Kapteni aliwahi kuona kwenye televisheni wachezaji wenye majina mgongoni, akampelekea mwandika vibao jezi zetu zote. Zikarudi na majina ya rangi nyeupe, herufi kubwa mno. Mtu aliyesimama getini aliweza kutusoma.

Jina langu linaanza na U, na shida iko hapo. Burundi baba humpa kila mtoto jina lake peke yake, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja wanaweza wasifanane majina kabisa. Lakini mengi huanza na N, na watu wamezoea kwamba yale ya U, hasa yanayoendelea kama langu linavyoendelea, ni ya Wanyarwanda. Ndugu zangu wote ni wa N. Mimi nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, nilitanguliza miguu, na aliyenitoa salama ni mama mmoja Mnyarwanda wa kibanda cha jirani, aliyekuwa amefiwa na mwanawe. Baba hakuwa na kitu cha kumpa, akanipa mimi jina la mtoto huyo. Ni habari nzuri ukiisimulia mmekaa. Mtu anayekujia na gongo hakusubiri uimalize.

Na wakati huo mpaka wa Rwanda ulikuwa umefungwa, na watu waliwazungumzia Wanyarwanda kwa hasira hata kwenye foleni ya mkate. Timu tuliyocheza nayo kabla ya hii ilinisoma mgongo, wakanipiga mbavu mpaka nikashindwa kucheka kwa muda mrefu. Nisingejali sana, ila Jumatatu nilikuwa na usaili wa kazi, wa kwanza kuitwa tangu nimalize chuo. Nilikuwa nimejiandalia majibu ya maswali yote, na ya maswali ambayo yangetokana na majibu hayo. Nilijua wataniuliza jina kabla ya lolote. Basi nilitaka angalau uso niwapelekee mzima. Niliwaza nisiende kucheza. Kisha nikawaza timu itakuwa pungufu kwa sababu yangu, na kwamba wataanza kuuliza kwa nini, na kwamba mtu wa jina kama langu hapaswi kuonekana anajificha. Nikaenda.

Tulikuwa tunavaa nyuma ya magunia mwenzangu aliponitazama.

"Nipe iyo jezi," alisema.

"Ya nini?"

"Hawa hawatujui. Watasoma tu. Chukua yangu."

"Watakupiga wewe."

"We Jumatatu unaenda kuonyesha watu uso. Mi nachomelea magari, uso yangu iko ndani ya miwani."

"Na mikono?"

"Iko mbili."

Alikuwa ameshaivuta kichwani mwangu. Yeye jina lake linaanza na N, kama majina mengi ya bonde la Ruzizi, mpakani mwa Kongo na Burundi, ambako watu wa pande zote mbili huitana majina yanayofanana. Ukilisoma utasema Mrundi wa kwelikweli. Kirundi chake kinatosha kununulia vitunguu.

Basi nikacheza nikiwa na N mgongoni. Nilikuwa sijawahi kupumzika namna ile uwanjani. Walinipisha. Mmoja alinigonga bega kwa bahati mbaya akaniambia, "Samahani, mwenewacu," yaani ndugu yetu. Nilipokea neno hilo na kulitunza, nikaona aibu kwamba linanipendeza. Huku nyuma walikuwa wanamfanyia kazi mwenzangu. Walimpiga muundi. Walimkanyaga vidole. Kila walipopita karibu yake kulikuwa na neno: jasusi, rudi kwa jirani, mwambie bosi wako tumekusalimia. Yeye alikuwa anacheka na kuniambia kwa mkono nibaki mbali.

Karibu na mwisho alizuia mpira kwa gongo lililolala chini, na yule wa ndevu akapiga kwa nguvu zake zote, si mpira, kifundo cha mkono. Mwenzangu alikaa chini akautazama mkono wake, ambao ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

"Ile ingine bado iko," aliniambia. Midomo yake ilikuwa imepauka.

Refa akapuliza filimbi. Akatoa kona ya adhabu, dhidi yetu. Alisema mguu wa mtu wetu uliugusa mpira.

Nilivua jezi. Nilimvua na yeye yangu, taratibu, nikaupitisha ule mkono kama unavyopitisha kitu kinachomwagika. Jezi ilikuwa na damu begani na ilikuwa ya moto. Nikaivaa. Yule wa ndevu alisoma mgongo wangu, akasoma na jezi niliyoiacha kwenye mapaja ya mwenzangu.

"Kumbe nani ni nani?"

"Mi ndio mutu wa inje," mwenzangu alisema akiwa chini palepale. "Nimezaliwa Uvira. Uyu munamuita jasusi, kwao ni Ruyigi, apa apa Burundi."

Walimtazama, wakatazama jina.

"Ndugu, hili jina ni la kwetu," mmoja alimwambia kwa upole kabisa. "Usijitukane kwa sababu yake."

Kwenye kona ya adhabu walinzi husimama nyuma ya mstari wa goli, na mpira ukisukumwa wanakimbia mbele kuwazuia wapigaji. Nilikuwa na muda wa kuwaza. Niliwaza meno. Niliwaza meza ya usaili na watu wawili upande wa pili. Niliwaza kwamba naweza kukimbia polepole, hakuna atakayejua. Mpira ukasukumwa, nikakimbia kwa kasi zaidi ya siku zote, nikampiga yule wa ndevu muundi kabla hajapiga yeye. Nilisikia ule mlio mkavu tena. Ulinifurahisha, na furaha ile ndiyo iliyoniogopesha kuliko gongo lake lililokuwa linakuja. Liliingia mdomoni.

Baada ya hapo walipigana wote. Nilikuwa chini, naona viatu. Magongo ya seremala yalivunjika mapema, ya dukani yakadumu. Mapigano yaliisha mlinzi wa bohari alipoanza kugonga geti kwa chuma na kusema atafungulia mbwa.

Zahanati ilimfunga mwenzangu plasta mpaka kwenye kiwiko, na mimi nikashonwa mdomo wa juu. Tulikaa kwenye benchi moja.

"Kesho kutwa utaongea namna gani?" aliniuliza.

"Kidogo."

"Useme ulianguka na pikipiki. Magongo hawatasadiki."

"Na wewe? Kazi?"

Alitazama plasta. "Bosi ataona. Mi nitamwambia nilikuwa nafanya kazi yako."

Jumatatu kulikuwa na mama mmoja mwenye miwani na kijana aliyekuwa anaandika. Majibu yangu yote niliyajua kwa moyo. Mama alitazama karatasi, iliyokuwa na nambari yangu tu bila jina, akatazama mdomo wangu, akasema, "Haya, anza kwa kututajia jina lako."

Usiku kucha nilikuwa nimewaza maswali, nisiwaze sauti. Kutamka U lazima midomo ichongoke mbele na kubana. Niliichongoa. Uzi ukavuta, kitu kikaachia, nikaonja chumvi.

"Samahani," alisema yule mama, akiinua uso. "Herufi ya kwanza sijaisikia vizuri. Ni N?"

Kijana aliacha kuandika, akasubiri. Ilikuwa rahisi kutikisa kichwa kukubali.

Nikachongoa midomo tena.