Siku Nne za Kupikiwa

Nyakio alikuwa ameishi Malindi miaka kumi na minane, na muda huo wote kazi yake ilikuwa kushona mapazia na vyandarua vya nyumba za watu wanaokuja pwani kupumzika. Alijua kipimo cha kila dirisha kuanzia Casuarina hadi Mayungu. Alijua pia kwamba mgeni huamka saa nne, hula papai lililokatwa na mtu mwingine, kisha hurudi kulala kwa sababu kula kumemchosha. Yeye mwenyewe hakuwahi kulala hata usiku mmoja ndani ya chandarua alichokishona kwa ajili ya nyumba hizo. Hakulalamika, kwani kazi ni kazi. Ila kila mwaka mwezi wa Juni ulipoingia tu, moyo ulianza kumwia mzito, maana Agosti ilikuwa inakuja na likizo yake.

Ndivyo mumewe, Thuku, alivyoiita: likizo. Thuku alikuwa msimamizi wa wavunaji wa chumvi huko Gongoni, mtu wa kurudi nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumatatu alfajiri na viatu vyake vilivyopauka kwa chumvi. Kila Agosti shule zikifungwa alipewa majuma mawili, naye akamchukua mkewe na watoto wao, Oliver na Cindy, akawapeleka kwa mama yake upande wa Nyeri, penye miteremko ya Mlima Kenya. Huko Thuku alipumzika kwelikweli. Aliketi uani na kofia ya sufu, akapokea wenzake aliosoma nao, akawaeleza jinsi maisha ya pwani yalivyo magumu. Nyakio yeye aliamka saa kumi na moja alfajiri, akachuma majani ya chai pamoja na mama mkwe wake, akakata nyasi za ng'ombe, akawapikia githeri ya mahindi na maharagwe watu kumi na watano waliopita kuwasalimia tu, akaosha sufuria kwa maji baridi yanayouma mifupa. Akirudi Malindi wateja walimwambia amenawiri. Kumbe ni uso uliovimba kwa moshi wa kuni.

Mwaka huu alikataa. Hakupiga kelele. Alisema Jumapili moja ya mwezi wa Aprili, huku akimpakulia Thuku wali.

"Baba Oliver, mwaka huu nataka likizo."

"Si tunaenda nyumbani Agosti?"

"Hiyo ni kazi ya pili. Mimi nataka siku nne za kupikiwa. Nikae, mtu aniletee chai, na nikimaliza nisijue kikombe kimekwenda wapi."

Thuku alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mmoja wa wale wanaume wanaoamini kwamba vyombo hujiosha vikiachwa kwa utulivu. Akauliza anataka waende wapi, na Nyakio alikuwa na jibu tayari: siku mbili Nairobi, watoto waone makumbusho na wapande ngazi zinazokwenda zenyewe, halafu siku nne mlimani, mahali penye hewa safi na mpishi.

Jirani yake Kadii ndiye aliyemtia moyo, kwa namna yake. Kadii alikuwa mzaliwa wa Tezo, Mgiriama, na kazi yake ilikuwa kusafisha nyumba za Wataliano. Alisikiliza mpango wote akiwa ameegemea mlango wa duka la kushonea.

"Watu wavuka bahari kuja kuota jua letu, nawe wataka kwenda kutetemeka kwa hiari yako," alisema. "Na huko mlimani si ndiko kwa mavyaa wako? Wamkwepa?"

"Simkwepi yeye. Nazikwepa sufuria zake."

"Hapo twaelewana," akasema Kadii, akarudi kazini.

Taabu ilianza pale Thuku alipopewa kazi moja tu katika mpango huu, nayo ni kuchagua mlima. Nchi hii haina upungufu wa milima. Kuna Milima ya Taita, ambayo mtu wa Malindi anaweza kuifikia kabla ya chakula cha mchana kupoa. Thuku hakutaka kusikia. Alisema hawezi kwenda kulala kwenye mlima wa watu na yeye ana mlima wake. Akapiga simu mbili, akapata nyumba nzuri ya mbao ukingoni mwa msitu, yenye vitanda vitano, mpishi, na veranda inayotazama kilele. Akalipia. Ndipo Nyakio alipouliza ni upande gani hasa, na Thuku akataja njia panda. Nyumba ile ilikuwa umbali wa kilomita nne kutoka lango la mama yake.

Kwa watu wa kwao, kukodi kitanda mahali unaposikia ng'ombe wa mama yako wakilia, na mama mwenyewe yuko hai na ana chumba kitupu, si likizo. Ni tangazo la kuvunjika kwa boma. Majirani watauliza mke wa kijana amefanya nini, au mama amempikia nini mke wa kijana. Nyakio alijua watakaoulizwa ni wanawake wawili tu, na kwamba Thuku atasemwa kuwa maskini ameshikwa akili na mkewe.

"Basi tusimwambie," Thuku alisema kwa ushujaa. "Tutasema kampuni imeninyima ruhusa."

Kuanzia hapo Nyakio aliishi kama mwizi. Alimficha mama mkwe, akawaficha wateja, akawaficha watoto sehemu ya safari ili wasije wakaropoka kwenye simu. Alikwenda kwa Garama, muuza mitumba wa sokoni, aliyekuwa na makoti manne mazito yaliyokaa kwake miaka mitatu bila kuguswa na mtu wa Malindi. Garama alifurahi karibu kulia. Alimuuliza aenda wapi na makoti hayo, naye Nyakio akajibu kwamba ni ya kuziba dirisha linalovuja. Garama akamuuliza kama dirisha hilo ni la watu wanne. Nyakio akafunga mzigo akaondoka.

Miezi minne siri ilikaa. Ilikaa vizuri sana, na ingefika mlimani ikiwa nzima kama si Jumapili ya mwisho.

Kanisani kwao, ambako wengi ni watu wa bara waliohamia pwani kwa kazi na biashara, hakuna anayesafiri bila kuombewa. Mzee wa kanisa husema wenye safari wasimame, nao husimama, hupewa kipaza sauti, hutaja waendako, kisha huwekewa mikono. Nyakio alikuwa amepanga kila kitu, hadi dawa ya kikohozi ya Cindy, lakini jambo hili halikumjia akilini mpaka alipoona goti la Thuku limeanza kunyooka. Alishika koti lake. Koti lilimponyoka.

Thuku angeweza kusema wanakwenda nyumbani. Angeweza hata kusema wanasafiri tu, wakumbukwe katika maombi. Lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi, na watu zaidi ya mia walikuwa wakimtazama, na yeye ni mtu ambaye kwa wiki nzima hazungumzi na chochote ila chumvi.

"Bwana asifiwe," alisema. "Kila mwaka mnajua tunaenda kwa mama. Mwaka huu Mungu ametuinua. Siku mbili jijini, siku nne mlimani, kwenye nyumba ya mbao yenye mpishi wake. Mtuombee."

Watu walipiga makofi. Aliyepiga kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa Mzee Japheth, ambaye shamba la ndugu yake limepakana na la mama yake Thuku, na ambaye kabla ya amina ya mwisho alikuwa ameshapapasa mfukoni kutafuta simu. Nyakio aliombewa safari njema macho yakiwa wazi.

Simu ilimkuta uani, watu wakinywa chai baada ya ibada. Ilikuwa ya mama mkwe wake, Phoebe, mwanamke wa miaka sabini na mbili ambaye hakuwahi kupiga simu bila sababu. Hakumpigia mwanawe. Alimpigia Nyakio. Nyakio akajitenga na watu, akasimama nyuma ya tangi la maji, wakaongea Kikuyu chao.

"Mama Oliver, nimesikia mna nyumba huku mlimani."

Nyakio alikuwa ameandaa uongo wa aina nne kwa siku kama hii. Wote ulimtoroka.

"Ni mimi, Mama," alisema. "Thuku hana kosa. Mimi ndiye niliyesema. Nimechoka."

 Upande wa pili alisikia ng'ombe, kisha ndoo ikiwekwa chini. Nyakio aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu siku aliyopelekwa pale kama bibi arusi, na pamoja na woga ule alijisikia vibaya, kwa sababu Phoebe hakuwahi kumtamkia neno baya hata siku moja.

"Huko nani anapika?" Phoebe aliuliza hatimaye.

"Wana mpishi wao."

"Na vyombo?"

"Wanaosha wao."

Ndoo ikainuliwa, ikawekwa chini tena.

"Vitanda vingapi?"

"Vitano, Mama."

"Nyinyi ni wanne," Phoebe alisema, na hakuwa akiuliza. "Mwambie mwanangu aje na viatu vya mpira. Ng'ombe hawawezi kukaa peke yao siku nne."

Kuhusu Nairobi hakuna mengi ya kusema. Watoto walipanda ngazi zinazokwenda zenyewe mara kumi na moja, Oliver akajifanya hamjui mtu yeyote wa familia yake, na Thuku alitembea makumbusho yote mkononi ana mfuko wenye viatu vya mpira.

Siku ya tatu gari lilisimama langoni kwa Phoebe. Thuku alishuka, Phoebe akapanda, amevaa nguo yake ya kanisani na begi dogo mapajani. Alimwonyesha mwanawe ilipo ndoo, akamwambia yule ng'ombe mweusi hapendi kuimbiwa, gari likaondoka. Habari zilisambaa mteremko mzima kabla ya jioni, na watu wakamiminika kumsalimia mwana aliyerudi. Thuku aliyaona kwa mara ya kwanza maisha ya mtu ambaye wageni wanapita kumsalimia tu. Inasemekana aliwapikia chai, na kwamba hakuna aliyeongeza kikombe cha pili.

Asubuhi ya kwanza katika nyumba ya mbao, Nyakio alifumbua macho saa kumi na moja bila kuamshwa. Alijilazimisha kulala, ikashindikana. Akavaa koti la Garama akashuka jikoni, akamkuta Phoebe ameshafika, amesimama katikati ya sufuria safi na mikono yake ikining'inia. Mpishi naye akawakuta wote wawili, akawaambia kwa adabu kwamba kifungua kinywa ni saa mbili, na kwamba jikoni hakuna kazi ya wageni. Wakatoka verandani wakaketi. Mlima ulikuwa bado umefunikwa na wingu.

"Kumbe hata wewe huwezi kulala," alisema Nyakio.

"Nitalala vipi? Miaka kumi na minane, kila Agosti, naamka saa kumi." Phoebe alivuta shali. "Mimi huanza kuiogopa Agosti tangu mwezi wa tano. Naazima magodoro. Nasiriba chumba. Najiuliza mke wa Thuku atakula nini, mtu aliyezoea samaki. Na wewe unaamka saa kumi na moja. Nitakuwaje kitandani mke wa mwanangu ameshaamka? Ikabidi nikutangulie, moto uukute umewaka."

Nyakio alimgeukia.

"Mama, mimi nilikuwa naamka saa kumi na moja kwa sababu nilikusikia ukipasua kuni."

Hakuna aliyecheka. Nyakio alidhani atacheka, lakini akageuza uso upande wa msitu, akapangusa macho kwa mkono wa koti la Garama. Phoebe alikaa akiyatazama magoti yake, na midomo yake ilisogea kidogo kama anayepiga hesabu ya Agosti zote zile, moja baada ya nyingine.

Mlango ulifunguliwa. Mpishi alikuja na sinia ya chai, kwa huruma, ingawa saa mbili ilikuwa mbali. Phoebe aliinuka upesi ampokee. Nyakio akamshika ncha ya shali.

"Kaa, Mama," alisema.

Phoebe akakaa.