Mayai ya Afisa wa Ziwa Balangida

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwa bado linawaka, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Mke wangu alikuwa amenuna na kurudi kwao, ng'ambo ya Ziwa Balangida. Nikaenda kumwomba arudi. Mnadani Katesh nilinunua trei ya mayai ya mama mkwe, na kwenye mitumba nikaokota kofia nyeupe, pana kama sinia, ukingo wake mweusi umedariziwa majani ya dhahabu. Nikaivaa. Nilitaka wakwe wanione mtu mwenye cheo.

Ziwa lilikuwa limekauka, limebaki chumvi tupu, nikakatiza katikati. Mara namwona mzee amesimama mbele yangu, sare nyeupe, suruali inachuruzika maji. Maji! Hebu niambie, ameyatoa wapi?

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naomba mayai yangu."

Nikampa trei nzima. Wewe usingempa? Akaitazama kwa huzuni, akanirudishia.

"Siyo hayo, kijana. Ya kichwani."

Nikapapasa kichwa. Akanieleza taratibu: ile dhahabu ya ukingoni wanamaji huiita mayai, imetapakaa kama mayai ya kuvuruga. Vifungo vyake vya shaba aliviita magamba.

"Nilizama, kofia ikaelea," akasema. "Kule chini tunakaguliwa kila asubuhi. Mimi tu ndiye kichwa wazi. Ni aibu, kijana."

Nikatazama chini. Nyayo zangu zilionekana kwenye chumvi. Zake hazikuwepo. Amini usiamini, nilimkabidhi kofia kwa mikono miwili. Akaivaa, akanipigia saluti, akaanza kuzama kwenye ardhi kavu kama mtu anayeshuka ngazi. Kofia ndiyo ilikuwa ya mwisho kupotea.

Nilikimbia, trei nimeikumbatia kifuani! Nilifika kwa wakwe ute wa mayai ukinitiririka mpaka magotini.

"Mbona unanuka dagaa?" akauliza baba mkwe.

Mke wangu alitoka amekunja uso. Aliponiona alicheka mpaka akakaa chini, na kesho yake tukarudi nyumbani pamoja.

Lakini kichwa changu hakijapona. Mchungaji amekiombea, sabuni nimemaliza, bado utosi unatoa chumvi. Nikisinzia nje kidogo tu, mbuzi wanapanga foleni kunilamba.

Kwa hiyo wewe unayechambua mitumba, ukikuta kofia ya mwanamaji, inuse kwanza ndani. Ikinuka bahari, irudishe taratibu, na usijaribu kuuliza bei.